Je, Wajua? Volkano ya Magadi, Milima ya Kanga

Je, wajua kwamba magadi yanayolainisha maharage jikoni yanaweza kumfikisha mwanafunzi hadi kwenye kreta ya Ol Doinyo Lengai? Mlima huo wa kaskazini mwa Tanzania ndio volkano hai pekee inayojulikana kutoa lava iliyojaa kaboneti za sodiamu na potasiamu, ndugu wa karibu wa magadi ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi. Kamulia limau kwenye kijiko cha magadi, nayo yatafoka povu papo hapo, maana asidi inaifukuza hewa ya kaboni dayoksaidi. Kisha lionyeshe darasa picha za Lengai. Lava yake ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, karibu nusu ya joto la lava ya Hawaii, kwa hiyo mchana huonekana nyeusi, haiwaki wekundu. Ikishapata unyevu wa hewa, ndani ya saa au siku chache hubadilika kuwa nyeupe. Wako wageni waliodhani kilele hicho kina theluji.

Je, wajua kwamba ile volkano ya siki inayopendwa kwenye maonyesho ya sayansi hufundisha nusu tu? Mlimani hakuna siki. Kinachoirusha magma ni gesi iliyoyeyuka ndani yake, ambayo hutoka kwa nguvu presha inaposhuka. Chupa ya soda iliyotikiswa inaukaribia ukweli zaidi. Sisemi volkano ya siki itupwe, watoto wanaifurahia na ni haki yao. Ila mwalimu aseme waziwazi ni wapi inapoachana na mlima, na kwangu mimi maneno hayo yana thamani kuliko povu lenyewe.

Je, wajua kuwa milima ya mikunjo iliwahi kutengenezwa kwa vitambaa? Sir James Hall wa Scotland alipanga vitambaa tabaka juu ya tabaka, akavikandamiza kwa mlango uliobebeshwa uzito, kisha akavisukuma kwa mbao kutoka pande mbili. Vikajikunja vilevile kama matabaka ya miamba aliyoyaona pwani ya kwao. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1815. Darasani kwetu zinatosha kanga nne za rangi tofauti, ubao na vitabu vizito. Zisukume kwanza bila uzito wowote, kanga zitainuka kwa mkunjo mkubwa. Kisha zibebeshe uzito usukume tena, sasa mikunjo inakuwa midogo na inabanana. Mwanafunzi aliyezisukuma kwa mikono yake hahitaji kukaririshwa kwamba mwamba ulioko chini sana hukunjwa ukiwa umebebeshwa mzigo wa miamba iliyo juu yake.

Je, wajua kwamba mishumaa miwili inaweza kueleza mazuku, yaani mifuko ya kaboni dayoksaidi inayotuama mabondeni? Simamisha mshumaa mfupi na mrefu ndani ya ndoo, weka magadi chini, washa, kisha mimina siki taratibu pembeni. Mfupi huzimika kwanza, kwani kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Ndivyo inavyojikusanya mabondeni karibu na Goma, jirani na volkano ya Nyiragongo, ikaua mifugo na watu. Agosti 1986 hewa hiyohiyo ilifumuka kutoka Ziwa Nyos nchini Kamerun, na watu wapatao 1,700 wakafa.

Je, wajua kwamba ngazi moja ya ukubwa wa tetemeko la ardhi ni nishati mara 32 hivi? Vunja spageti moja, iite tetemeko la 5. La 6 ni spageti 32 kwa mpigo, na la 7 ni 1,000. Tetemeko la Bukoba la Septemba 10, 2016 lilikuwa la 5.9, la Rukwa la Desemba 1910 lilikuwa la 7.4, yaani nishati karibu mara 180.

Je, wajua kwamba filamu moja ya darasani iliwahi kuokoa maisha? Desemba 26, 2004 Tilly Smith, msichana Mwingereza wa miaka 10, alikuwa ufukweni Phuket, Thailand. Wiki mbili kabla, mwalimu wake wa jiografia alikuwa amewaonyesha filamu ya tsunami iliyoipiga Hawaii mwaka 1946. Alipoona bahari inatoa povu na kutenda kinyume na kawaida, aliwapigia wazazi wake kelele, na ufuko ukaondolewa watu. Takriban watu 100 walinusurika hapo.

Je, wajua kuwa kutazama tu hakutoshi? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa mwaka 2004, uliofanywa kwenye masomo ya fizikia, ulionyesha kwamba wanafunzi waliotazama onyesho bila kushirikishwa hawakuelewa zaidi sana kuliko wale ambao hawakuliona kabisa. Walioambiwa wabashiri kwanza ndio waliofaidika.

Je, wajua kwamba lile onyesho la maji yanayozunguka kwenye mstari wa ikweta pale Nanyuki halithibitishi mzunguko wa dunia? Hatua chache kutoka ikweta nguvu inayotokana na mzunguko huo ni ndogo mno. Anayeamua ni yule anayemimina maji. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa MIT, mbali sana na ikweta, alilazimika kuyaacha maji yatulie saa 24 ndani ya beseni pana la takriban mita 1.8 ndipo akaiona.

Na je, wajua kwamba umri wote wa dunia unaenea kwenye kamba ya mita 46? Kila sentimita ni miaka milioni moja. Dinosaria wa Tendaguru, Lindi, ambao mifupa yao iko Berlin, wako mita moja na nusu kutoka mwisho. Nyayo za Laetoli hazifiki sentimita 4. Binadamu wa aina yetu ana milimita 3. Itandazeni uwanjani, na kabla ya kupima, kila mwanafunzi akasimame pale anapodhani dinosaria wa Lindi walipo.