Sindano Si Kazi ya Mwenye Kujitolea

Mitihani ya kidato cha nne ikimalizika mwezi wa Novemba, mimi huletewa swali moja lile lile na watu wa umri na vyeo mbalimbali, na kwa kuwa wote huliuliza kwa taadhima na nia njema, hunifunga ulimi nisiwajibu kama swali lenyewe linavyostahili kujibiwa. Mzazi huingia na mwanawe aliyevaa shati lililopigwa pasi, akasema: "Sista, mtoto huyu amemaliza shule na moyo wake uko kwa udaktari, mchukueni ajitolee hapa, hata msimlipe kitu, mradi mwezi wa tatu au wa nne awe amezoea kushika sindano." Wala usidhani kwamba hii ni tamaa ya ujana tu, kwani mwaka huu amekuja mwalimu mstaafu, mzee wa heshima zake, akaniita "nyara" kama wazee wa huku Kisumu wawaitavyo mabinti zao, akaniambia kwamba maadamu amefundisha sayansi maisha yake yote, akionyeshwa kudunga mara moja tu atatupunguzia kazi. Jawabu langu kwa wote ni moja, nalo ni hapana. Na kwa kuwa nimechoka kulitoa mlangoni, naliandika hapa pamoja na hoja zake.

Sitapoteza karatasi kusifu kujitolea. Watu wa mwambao huu wa ziwa walilijua jambo hilo kabla ya wengi: huko Saradidi, katika Asembo, miaka ya themanini, wanakijiji walichagua wenzao kuwa nyamrerwa, yaani wahudumu wa afya wa kijiji, wakafunzwa, wakawapa jirani zao dawa ya malaria bila ya kungoja gari la kwenda mjini. Lakini wasimuliaji wa habari hiyo aghalabu husahau mambo mawili: kwamba walifunzwa kwanza, na kwamba walichogawa kilikuwa vidonge vya klorokwini, si sindano.

Dhana iliyo nyuma ya swali ninaloulizwa ni kwamba utabibu humwingia mtu kama harufu ya waridi inavyomwingia jirani wa mwaridi: akisimama wodini muda wa kutosha, akabeba trei, akatazama mikono ya wauguzi, basi elimu itamfikia pasipo chuo, na siku atakapodunga sindano ya kwanza ndiyo siku ya mahafali yake. Dhana hii ni batili, wala si batili ya kuchekwa na kuachwa, maana imelemaza watoto na imeua watu.

Mtazamaji huona nini? Huona pamba, spiriti, bomba la sindano, na kitendo kisichochukua hata dakika moja. Haoni maswali ambayo muuguzi amekwisha kujiuliza na kujijibu kabla ya kuinua mkono: mgonjwa ni huyu au ni yule wa kitanda cha pili mwenye jina kama lake, dawa ni ipi, kiasi gani kwa uzito huu, kwa njia gani, saa ngapi, na itakuwaje ikimkataa, kwa sababu penisilini iliyompa nafuu jirani yaweza kumziba huyu pumzi kwa mzio, na mwenye kudunga sharti ajue atafanya nini katika dakika zile chache, ghairi ya kupiga kelele. Chukua tako la mtoto, mahali ambapo kila daktari wa kibandani hupapendelea. Ndani yake hupita mshipa mnene wa fahamu unaoshuka mguuni, na nafasi iliyopo baina ya mahali pa salama na mshipa huo ni ndogo mno kwa mtoto aliyekonda. Kwinini, ambayo zamani ilidungwa matakoni kwa wingi, iliacha katika vijiji vyetu watu ambao mpaka leo hutambulika kwa viatu vyao: kiatu cha mguu mmoja kimelika mbele, penye kidole gumba, kwa sababu unyayo hauinuki na kila hatua huburuzwa. Waliletwa wakiwa na homa. Homa ikapona, mguu ukabaki hivyo. Ndiyo sababu mtoto mchanga hudungwa pajani, upande wa nje, na jambo hilo halijulikani kwa kutazama, kwani anayetazama huona paja tu, haoni kilichoepukwa.

Yaliyo upande wa mgonjwa ni hayo. Ya mwenye kudunga nayo ni haya. Sindano iliyotoka katika mwili wa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B ikimchoma mtu asiyechanjwa, hatari ya kuambukizwa ni baina ya watu 6 na 30 katika kila 100. Kwa aina ya C ni takriban 2 katika 100. Kwa virusi vya UKIMWI ni kama 3 katika 1,000. Watu huogopa lile la mwisho na kulidharau lile la kwanza, ilhali hesabu inasema kinyume. Waliozaliwa nchini baada ya mwaka 2001 wengi wao walipata chanjo ya homa ya ini B utotoni. Waliozaliwa kabla ya hapo aghalabu hawakuipata. Basi mstaafu anayetaka kutupunguzia kazi ndiye aliye wazi zaidi kwa ugonjwa ambao hata hakumbuki kuuogopa.

Wapo wanaoniambia kwamba nia njema hufidia upungufu wa elimu. Watazame Jinja, nchini Uganda, juu ya ziwa hili hili letu. Huko binti mmoja Mmarekani, asiye na shahada yoyote ya utabibu, alifungua kituo cha watoto wenye utapiamlo, na kati ya mwaka 2010 na 2015 kikapokea watoto 940, ambao 105 miongoni mwao walifariki. Mwaka 2019 akina mama wawili walifungua mashtaka katika Mahakama Kuu ya Jinja, wakidai kwamba alijifanya tabibu. Yeye akakanusha, na mwaka 2020 shauri likamalizwa kwa suluhu na malipo, pasipo kukiri kosa. Simhukumu, na insafu yataka niseme kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali huweza kufa hata mikononi mwa mabingwa. Lakini ni kwa sababu hiyo hiyo asiye bingwa alipaswa kukaa mbali: mtoto wa namna ile akitiwa maji ya mshipa kwa haraka, au akilishwa kwa wingi siku ya kwanza kama huruma inavyoshauri, moyo wake hushindwa, na huruma ndiyo iliyomwua. Na mwenye kutaka burhani ya sindano peke yake asome habari za kijiji cha Roka, nchini Kambodia, ambako mwaka 2014 iligunduliwa kwamba watu zaidi ya 200 wameambukizwa virusi vya UKIMWI, na mtu asiye na leseni, aliyependwa mno na majirani zake kwa sindano zake za bei nafuu, akahukumiwa kifungo cha miaka 25.

Nasi tusijidanganye kwamba hayo ni ya mbali. Nenda kwenye bichi yoyote ya wavuvi baada ya magharibi, au pita vichochoro vya mitaa yetu, utamkuta "daktari" ambaye ukimhoji kwa upole atakwambia kwamba alijifunza kazi kwa kujitolea mahali fulani. Hakuibuka ardhini, alitengenezwa na mtu wa kazi yangu aliyechoka usiku mmoja akamwambia kijana, "Hebu nisaidie kumdunga yule." Kijana akaona kwamba mgonjwa hakufa, akachukua usalama wa bahati kuwa ni ushahidi wa elimu. Sheria ya nchi haina shaka juu yake: muuguzi ni yule aliyesajiliwa na Baraza la Wauguzi na kupewa leseni, na daktari ni yule aliyesajiliwa na baraza la madaktari, wala idadi ya miezi uliyosimama wodini haimo katika sheria hizo. Anayetaka kushika sindano, KMTC, chuo cha mafunzo ya utabibu, kina kampasi hapa hapa Kisumu, na Chuo Kikuu cha Maseno kinafundisha udaktari. Njia ni hiyo, nayo ni ndefu kwa sababu nzuri.

Ajira nayo niiseme kwa mkato. Kazi za hospitali za umma hutangazwa na bodi ya utumishi wa kaunti au bodi ya hospitali, na hugawiwa kwa vyeti na usaili. Barua ya kujitolea yaweza kukusifu tabia, haiwezi kukupa taaluma.

Najua pingamizi itakayoletwa: "Mbona wahamasishaji wa afya vijijini huchoma watu vidole na kupima malaria?" Ni kweli, nao huchoma kwa haki. Wale waliozinduliwa na serikali mwezi wa Septemba 2023, wapatao 100,000 nchi nzima, huchaguliwa na watu wa kijiji chao, hufunzwa, hupewa mkoba wenye vipimo vya presha na sukari, huangalia takriban kaya 100 kila mmoja, huwajibika kwa afisa wa afya aliye juu yao, na hulipwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Wanajua pale kazi yao inapokoma, na mgonjwa aliyezidi mpaka huo humwandikia rufaa. Kijana aliyeletwa na mzazi wake ofisini kwangu hana hata moja katika hayo.

Je, hospitali haina haja ya watu? Inayo sana, illa haja yake si ile wanayoidhania. Mama huwasili katika hospitali kuu ya rufaa, ile ambayo Kisumu nzima bado inaiita Russia kwa sababu Wasovieti ndio walioijenga, akiwa ametoka Usenge kwa matatu ya alfajiri na barua mkononi. Akakaa kwenye benchi la kwanza aliloliona, akangoja kwa adabu mpaka saa tano, ndipo akaambiwa kwamba benchi lile ni la macho naye ametumwa kwa eksirei, na foleni ya eksirei imekwisha kufungwa. Hakukosa dawa wala daktari, alikosa mtu wa kumuuliza, kwa Dholuo, "Mama, barua yako inasema unakwenda wapi?" Wodini kadhalika, mzee aliyepooza mkono wa kulia huwekewa sahani ya ugali na omena upande ule ule wa kulia, na saa moja baadaye sahani huondolewa ikiwa imejaa, na mpishi akadhani kwamba mzee amekinai. Anahitaji mtu mwenye nusu saa na kijiko. Na hata kijiko kina idhini yake: sharti muuguzi awe amehakikisha kwamba mzee anameza sawasawa, kwani aliyepooza asiyemeza vizuri, chakula humwingia mapafuni, kikamletea nimonia.

Basi yaliyobaki ni haya, na nayataja kwa haraka, maana aliyekubali hayo ya juu hahitaji hotuba.

Aliye chini ya miaka 18 aje na barua ya mzazi na ya shule. Atawasomea watoto vitabu, atacheza nao, ataelekeza wageni. Hatatiwa kliniki ya kifua kikuu wala chumba cha faili. Apate mafunzo ya huduma ya kwanza kwa Msalaba Mwekundu. Hayo yatamfaa hata asipokuwa daktari.

Aliyetimiza miaka 18 atasukuma viti vya magurudumu, atafasiri Dholuo, Kiluhya na Kiswahili, na atawasaidia wazee kujisajili na bima ya SHA kwa kubonyeza *147#, nambari ya siri wakiibonyeza wenyewe.

Anayeishi na virusi vya UKIMWI, au mama aliyejifungua mtoto salama akiwa navyo, aulizie kazi ya ushauri rika na ya mama mshauri. Hapo ujuzi wake ni mkubwa kuliko wangu.

Mstaafu mwenye subira akae na wasio na jamaa wodini. Aliyekuwa mhasibu au mwalimu mkuu aombe nafasi katika kamati ya zahanati ya kwao, akasome vitabu vya hesabu; huko ndiko macho yake yatakakookoa roho nyingi. Mwenye kisukari au mapafu dhaifu aseme mapema, tumweke mbali na wenye kukohoa.

Wote wachanjwe homa ya ini B, mara tatu katika miezi sita. Atakayechomwa na sindano kwa bahati mbaya aseme saa ile ile; dawa za kinga ya virusi vya UKIMWI huanzwa kabla ya saa 72 na humezwa siku 28. Wote watie sahihi ya kutunza siri, na waifahamu: ukimwona jirani yako wa Nyalenda au Manyatta kwenye foleni ya kliniki yoyote, hukumwona. Picha hazipigwi. Ukiitwa daktari, kataa papo hapo.

Na asiyeweza lolote katika hayo atoe damu. Watoto wa ukanda huu huishiwa damu kwa malaria na kwa ugonjwa wa selimundu, nayo damu haihifadhiki zaidi ya majuma machache. Sehemu kubwa ya damu yetu hutolewa na wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo Aprili, Agosti na Disemba shule zikifungwa, benki hupwaya. Mwenye miaka 16 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50 aende kituo cha damu cha Kisumu katika miezi hiyo hasa. Mwanamume aweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Hiyo na ile ya chanjo ndizo sindano pekee ninazomruhusu mwenye kujitolea, nazo atadungwa yeye.

Mwenye kuweza kutupa asubuhi moja ya kila juma kwa mwaka mzima, aje kesho. Mwenye kutaka kuja kila siku kwa majuma mawili, kisha atoweke na barua ya sifa, asisumbuke kupanda matatu.