Dohani Ambayo Haikujengwa

Sogeeni, wanangu. Na wewe uliyesimama mlangoni, ingia, usiwazibie wenzako upepo. Leo sina hadithi ya sungura na fisi. Nina hadithi ya dohani, lile bomba la kutolea moshi, iliyokusudiwa kupanda zaidi ya mita 200. Chukua minazi minane mirefu, uisimamishe mmoja juu ya mwingine, ndipo utaikaribia.

Ilikuwa ijengwe Kwasasi, upande wa bara wa Lamu. Mji wenyewe mnaujua sifa zake: vichochoro vyembamba, mizigo migongoni mwa punda, nyumba za mawe za tangu enzi na enzi. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Serikali ya Kenya ilitaka umeme mwingi zaidi, na kampuni ya Amu Power ikaleta mpango wa kituo cha megawati 1,050. Kingechoma makaa ya mawe, tena kwa kuanzia yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini.

Makaa ya mawe si haya ya jikoni kwetu. Ni mimea ya kale iliyozikwa ardhini mamilioni ya miaka ikageuka mwamba mweusi. Ukiuchoma, kaboni iliyolala humo hutoka na kupanda angani, na huko hulizuia joto la dunia lisitoke, kama mtu aliyejifunika blanketi mwezi wa Februari. Tani moja ikichomwa Lamu au ikichomwa Ujerumani, moshi ni ule ule. Hapo sayansi imemaliza kazi yake. Lakini wanaoamua dohani ijengwe au isijengwe ni watu, na kila mtu huja kikaoni na lake moyoni.

Mvuvi alikuja na hofu ya bahari. Maji ya kupozea mitambo yangerudishwa baharini yakiwa na joto, na Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kwenye mizizi ile ndiko kamba, kaa na samaki wadogo wanakokulia. Mkulima wa Kwasasi alikuwa akingoja fidia ya shamba lake. Kijana aliyemaliza shule miaka mitatu iliyopita, bado yuko barazani akihesabu mashua, alisikia neno moja tu: ajira. Haya, mwambie huyo habari za barafu inayoyeyuka ncha ya kaskazini! Msimcheke. Chakula cha jioni hakingoji miaka 50.

Wengine walileta swali zito. Kenya inatoa chini ya asilimia 1 ya gesi zinazoipasha dunia joto. Uingereza ilitajirika kwa makaa haya haya. Mbona sisi ndio tuzuiwe? Mimi swali hilo naliona la haki kabisa. Ila mwenye kisima uani hanunui maji ya mtungi, na Kenya kisima inacho: mvuke wa Olkaria unaochemka chini ya ardhi, mito yenye mabwawa, na upepo wa Turkana unaozungusha mitambo 365. Sehemu kubwa ya umeme wake tayari inatoka huko. Kwenda kununua moshi ng'ambo, hapo ndipo ninapokwama.

Septemba 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatoa leseni. Wakazi waliojikusanya katika kundi la Save Lamu wakaipinga mbele ya jopo la kitaifa la mazingira, ambalo kazi yake ni kusikiliza malalamiko kama hayo. Wakangoja. Hukumu ilitoka tarehe 26 Juni 2019, karibu miaka mitatu baadaye, na leseni ikafutwa.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo watu wazima wengi hukosea wakisimulia. Jopo halikusema makaa ya mawe ni haramu Kenya. Lilichosema kwanza ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanyika, ndiyo, lakini ilikuwa ya kujulishana tu. Ripoti ya athari kwa mazingira ilipokamilika, kurasa nyingi za lugha ya kitaalamu, wenye bahari yao hawakupewa nafasi ya kweli ya kuisoma na kuijibu. Katiba ya 2010 inadai hivyo: umma ushirikishwe. Jopo likaongeza kwamba ripoti ile haikuijali Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, ambayo wino wake ulikuwa bado mbichi.

Baada ya hapo wenye fedha wakaanza kuondoka. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilijitoa mwaka huo huo, benki kubwa ya China iliyotarajiwa kukopesha ikafuata mwaka 2020.

Naona mkono umeinuliwa pale nyuma. Eti je, kama ripoti ingesomwa kwa Kiswahili kila kijiji, kila mtu akapewa siku za kutosha, na wengi wakasema tunaitaka?

Aa, umenishika pabaya. Basi huenda dohani ingesimama, na mimi na mvuvi wangu tungekuwa tuko chini yake tunabishana na yule kijana, naye amevaa helmeti ya kazini, hana hata muda wa kutusikiliza.