Mawe kwenye Mfuko wa Nyongo: Wakati wa Kusubiri na Wakati wa Kufanyiwa Upasuaji

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mwananchi anayekwenda hospitali kwa sababu ya maumivu ya tumbo na kuelezwa, baada ya kipimo cha ultrasaundi, kuwa ana mawe kwenye mfuko wa nyongo hukabiliwa na swali moja kubwa: je, mfuko huo uondolewe au uachwe? Wapo wanaotaka upasuaji mara moja kwa sababu ya hofu, na wapo wanaovumilia maumivu kwa miaka mingi huku wakimeza dawa za vidonda vya tumbo. Makala haya yanaeleza namna ugonjwa huu unavyotokea, jinsi ya kukabiliana na maumivu yake na mambo ya kuzingatia kabla ya kufikia uamuzi.

Namna mawe yanavyotokea

Nyongo ni majimaji yanayotengenezwa na ini kwa ajili ya kusaidia usagaji wa mafuta. Ini la mtu mzima hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo kwa siku. Sehemu ya nyongo hiyo huhifadhiwa katika mfuko mdogo ulio chini ya ini, upande wa kulia, wenye uwezo wa kubeba takriban mililita 30 hadi 50. Mtu anapokula chakula chenye mafuta, mfuko huo hujikamua na kumimina nyongo kwenye utumbo mwembamba kupitia mrija wa nyongo.

Lehemu inapozidi kiasi ambacho nyongo inaweza kukiyeyusha, chembechembe zake huganda na polepole kuwa mawe. Hali hiyo huwapata zaidi wanawake, hususan waliowahi kupata ujauzito, watu wenye umri wa zaidi ya miaka 40, wenye unene uliokithiri, wenye kisukari na wanaopunguza uzito kwa kasi kubwa.

Ipo pia aina nyingine ya mawe, yenye rangi nyeusi, inayotokana na kuvunjika kwa wingi kwa chembechembe nyekundu za damu. Aina hii inaigusa Tanzania kwa namna ya pekee, kwa kuwa nchi yetu ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa selimundu. Ndiyo maana mawe ya nyongo huweza kuonekana hata kwa watoto na vijana wenye selimundu, ambao hawana sifa yoyote kati ya zilizotajwa hapo juu.

Sura ya maumivu yenyewe

Jiwe linapoziba mlango wa mfuko wakati mfuko ukijikamua, mgonjwa hupata maumivu makali kwenye chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia. Mara nyingi maumivu hayo husambaa hadi mgongoni au kwenye bega la kulia na huambatana na kichefuchefu au kutapika. Huanza saa kadhaa baada ya mlo, mara nyingi usiku, hudumu kwa zaidi ya nusu saa na kwa kawaida huisha kabla ya kutimia saa 6, jiwe linaporudi nyuma na mlango kufunguka.

Maelezo haya ni muhimu kwa sababu tumbo kujaa gesi, kiungulia na maumivu madogo ya kila siku si dalili mahususi za mawe ya nyongo. Mtu anaweza kuwa na mawe na wakati huohuo akawa na vidonda vya tumbo, na kipimo cha ultrasaundi huonyesha kuwa mawe yapo bila kuthibitisha kuwa ndiyo yanayoleta maumivu. Mgonjwa anashauriwa kuandika siku, saa, mahali na muda wa kila maumivu, pamoja na chakula alichokula, kwani kumbukumbu hiyo humsaidia daktari pengine kuliko kurudia kipimo.

Kukabiliana na maumivu

Kwa maumivu ya wastani, parasetamoli huweza kutosha. Maumivu makali hutulizwa vizuri na dawa za jamii ya diklofenaki, lakini dawa hizo hazimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo wala mjamzito, hivyo zitumike kwa ushauri wa mtaalamu. Kupunguza vyakula vya kukaanga na vyenye mafuta mengi huweza kupunguza marudio ya maumivu, ingawa hakuondoi mawe yaliyokwishatokea.

Aidha, wananchi wanapaswa kuwa makini na dawa zinazonadiwa kuwa zinayeyusha mawe au kusafisha nyongo. Mojawapo ni kunywa mafuta ya zeituni pamoja na maji ya limau, ambapo mtumiaji hupata haja yenye vidonge laini vya kijani na kudhani kuwa ni mawe. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kuwa vidonge vya aina hiyo ni sabuni inayotengenezeka tumboni kutokana na mafuta yaleyale aliyokunywa. Hospitalini ipo dawa inayoweza kuyeyusha mawe madogo ya lehemu, lakini humezwa kwa miezi mingi, haifanyi kazi kwa mawe meusi, na mara nyingi mawe hurudi baada ya dawa kusitishwa.

Dalili zisizosubiri

Mgonjwa afikishwe kituo cha kutolea huduma za afya bila kuchelewa endapo maumivu yatazidi saa 6, au yataambatana na homa na kutetemeka, macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai, haja kubwa kuwa nyeupe, au kutapika kusikokoma. Dalili hizo huashiria kuwa mfuko umevimba na kupata uambukizo, jiwe limeziba mrija wa nyongo, au kongosho limeathirika. Hali hizo huweza kusababisha kifo.

Kwa mgonjwa wa selimundu, manjano ya macho na maumivu ya mwili ni mambo aliyoyazoea, hivyo ni rahisi dalili za mawe kupuuzwa. Manjano yakizidi kuliko kawaida yake, au maumivu yakijikita chini ya mbavu za kulia, mzazi au mgonjwa amweleze daktari mapema.

Nani anahitaji upasuaji

Watu wengi wenye mawe ya nyongo hawana dalili yoyote. Kati ya watu 10 wenye mawe ya aina hiyo, takriban 8 hawatapata maumivu katika maisha yao. Kwa sababu hiyo, aliyegundulika kuwa na mawe wakati akipimwa kwa jambo jingine kwa kawaida hashauriwi kufanyiwa upasuaji. Isipokuwa daktari anaweza kushauri vinginevyo endapo jiwe ni kubwa sana au ukuta wa mfuko una uvimbe unaotia shaka.

Kwa upande mwingine, aliyepata uambukizo wa mfuko, jiwe kwenye mrija au tatizo la kongosho lililosababishwa na mawe hushauriwa kuondolewa mfuko, kwa kuwa hatari ya kurudiwa ni kubwa. Mfuko uliovimba ni vema uondolewe mapema, ndani ya siku chache tangu dalili kuanza, iwapo hali ya mgonjwa inaruhusu.

Uamuzi mgumu zaidi ni wa yule anayepata maumivu ya vipindi bila madhara mengine. Ushauri wa kawaida kwake ni upasuaji, hasa maumivu yanapojirudia. Hata hivyo, utafiti uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 434 na kuchapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa, baada ya miezi 18, waliopangiwa kusubiri hawakuwa na maumivu zaidi ya waliopangiwa upasuaji, ingawa takriban theluthi moja ya kundi la pili walikuwa bado hawajafanyiwa. Utafiti mwingine wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 1,000 ambao wengi wao walifanyiwa upasuaji, ulibaini kuwa takriban watu 4 kati ya 10 walikuwa bado na maumivu ya tumbo mwaka mmoja baadaye. Fundisho lake ni kwamba upasuaji humsaidia zaidi mgonjwa ambaye maumivu yake yana sura halisi ya maumivu ya mawe.

Upasuaji na maisha baada yake

Mfuko wa nyongo uliondolewa kwa upasuaji kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1882 na daktari Carl Langenbuch. Leo upasuaji huo hufanyika kwa matundu madogo au kwa kufungua tumbo. Kwa njia ya matundu madogo, mgonjwa wengi huruhusiwa siku hiyohiyo au inayofuata na kurejea kwenye shughuli nyepesi ndani ya wiki moja au mbili. Kwa njia ya kufungua tumbo, kupona huchukua takriban wiki 4 hadi 6. Wakati mwingine daktari aliyeanza na matundu hulazimika kufungua tumbo kwa usalama wa mgonjwa, na hilo lisichukuliwe kuwa ni kushindwa.

Hatari zipo, zikiwemo kuvuja damu, uambukizo na kujeruhiwa kwa mrija wa nyongo, tatizo ambalo huwapata wagonjwa wachache mno, takriban 3 hadi 5 kati ya 1,000, lakini likitokea ni kubwa. Mgonjwa wa selimundu huhitaji maandalizi ya ziada, yakiwemo maji ya kutosha mwilini na wakati mwingine kuongezewa damu, hivyo afanyiwe upasuaji mahali penye wataalamu wa damu.

Baada ya mfuko kuondolewa, ini huendelea kutengeneza nyongo na kuimwaga moja kwa moja kwenye utumbo. Mtu huishi na kula kama kawaida, ingawa baadhi hupata haja laini kwa muda.

Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, mgonjwa ana haki ya kuuliza: Je, maumivu yangu yanatokana na mawe haya? Nini kitatokea nikisubiri? Upasuaji utafanyika kwa njia gani, na daktari atakayeufanya ana uzoefu nao? Gharama ni kiasi gani, na je, bima yangu inaugharamia? Pale huduma isipopatikana katika hospitali ya wilaya, mgonjwa aombe rufaa kwenda hospitali ya mkoa au ya kanda mapema, wakati bado ana nafasi ya kupanga, kabla uambukizo haujamlazimisha kusafirishwa usiku kwa dharura.