Programu Inapoimeza Kompyuta: Tuchunguze Kabla ya Kuzima

Kompyuta inapoanza kusuasua, feni ikivuma na kishale cha kipanya kikigoma kusogea, wengi wetu hukimbilia kitufe cha kuwashia na kukishikilia mpaka mashine izimike. Kwa kufanya hivyo tunaweza kupoteza kazi ambayo haijahifadhiwa, na hata kuharibu faili lililokuwa likiandikwa kwenye diski wakati huohuo. Tena tatizo lenyewe laweza kurudi kesho, kwa kuwa hatukujua limetoka wapi.

Tuanze na chanzo. Prosesa ndiyo inayotekeleza amri za programu zote. Kila programu, pamoja na zile zinazofanya kazi kimyakimya, huendeshwa kama mchakato mmoja au zaidi, na mfumo endeshi huzigawia zote muda wa prosesa. Mchakato wa kawaida hufanya kazi yake, kisha hutulia ukisubiri agizo lingine. Mchakato uliopotea njia hautulii. Mara nyingi umeingia katika mzunguko usio na mwisho, ukirudia amri zilezile bila kufika popote.

Hatua ya kwanza ni kuhifadhi kazi zetu, kama mashine bado inaitika. Hatua ya pili ni kumtambua mlaji. Kwenye Windows tunabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha tunabofya neno CPU juu ya safu yake ili wanaokula zaidi wapande juu. Kwenye Linux tunaandika amri top.

Hapa namba huwachanganya wengi. Windows huihesabu prosesa nzima kuwa asilimia 100. Kwa hiyo, kwenye kompyuta inayohesabiwa kuwa na viini 4, mchakato uliokwama katika kiini kimoja utaonyesha karibu asilimia 25 tu, nasi tunaweza kudhani hauna neno. Kwa kawaida top huhesabu kwa kiini kimoja: mchakato uleule utaonyesha karibu 100, na unaotumia viini vyote 4 unaweza kufika 400. Tukiona jina System Idle Process lenye namba kubwa, tusiogope. Huo ni muda ambao prosesa haina kazi.

Hatua ya tatu ni kujiuliza: je, hii ni kazi yenye mwisho? Programu ya kuzuia virusi inapokagua faili zote, au Windows inapojisasisha, prosesa hulemewa kwa muda, kisha hutulia. Kazi ya namna hiyo tuiache imalizike. Lakini namba ikibaki juu kwa muda mrefu, dirisha la programu haliitiki, na hatukuipa kazi nzito, basi imekwama. Kama mlaji ni kivinjari, huenda kosa ni la ukurasa mmoja tu. Kwenye Chrome, Shift na Esc hutuonyesha ni upi, tukaufunga huo peke yake.

Hatua ya nne ni kusimamisha kwa utaratibu. Kwanza tunaifunga programu kwa njia ya kawaida. Ikigoma, tunaichagua kwenye Task Manager na kubofya End task. Kwenye Linux, amri kill pamoja na namba ya mchakato huuomba ujifunge wenyewe. Kill -9 huukata papo hapo bila kuupa nafasi ya kuhifadhi chochote, ndiyo maana huja mwisho. Michakato ya mfumo kama csrss.exe na lsass.exe tusiiguse, maana kuisimamisha kunaweza kuiangusha kompyuta nzima.

Mlaji akirudi kila tunapowasha, tutazame orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe, tuisasishe programu husika au tuiondoe. Tukilitilia shaka jina, tubofye kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Open file location. Kwa mfano, svchost.exe halali hukaa ndani ya folda ya Windows, kwa kawaida System32. Ikiwa imejificha kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, tuikague kwa programu ya kuzuia virusi, kwani zipo programu haribifu zinazotumia prosesa zetu kuchimba sarafu za kidijitali.

Kwa sisi tunaotumia kompyuta moja watu wengi kuna la ziada. Mwenzetu anaweza kuwa ameacha akaunti yake wazi, na mchakato unaotusumbua ni wake. Sehemu ya Users katika Task Manager hutuonyesha hilo. Tumtafute kwanza, kwa sababu nyuma ya mchakato huo huenda ipo tasnifu ambayo bado hajaihifadhi. Asipopatikana, tuandike jina la mchakato, namba yake na saa tuliyouona, tumpelekee msimamizi wa chumba cha kompyuta. Atakuwa na pa kuanzia.