Mandari ya Mto Ozi: Tazama Mwezi Kwanza

Idi ikikaribia, swali la mandari halikosi kuzuka katika nyumba zetu za pwani. Baba ataka kupumzika, kina mama wamechoka na jiko, watoto wataka maji. Ufuoni kila mtu amekwisha kwenda. Ndipo mmoja hutaja Kipini: tukodi chombo, tupande Mto Ozi hadi kijiji cha Ozi, tule, tusali, kisha tuteremke na maji. Ni shauri jema, ndugu msomaji. Lakini safari ya mtoni haipangwi kama safari ya basi. La kwanza kutazamwa si fedha wala chakula, bali ni mwezi.

Mto huu hupumua pamoja na bahari. Maji yakijaa huingia mtoni na kukisukuma chombo juu. Yakipwa, mto na bahari huvuta pamoja kuteremka. Kila mvuvi ajua kwamba mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvu, na kwamba siku za bamvu pwani yetu hujaa alfajiri na alasiri, yapata saa kumi, na kupwa kabisa yapata saa nne ya asubuhi. Sasa fanya hesabu. Jamaa wafika Kipini saa nne, wakuta mafungu ya mchanga yako nje. Wangoje maji yaanze kujaa, wapande nayo, wafike Ozi jua limekwisha kupinda. Maji yakianza kupwa, Magharibi i karibu, na watoto wako kiza mtoni.

Ukitaka siku nzuri, chagua maji mafu: mwezi saba, nane au tisa, au kule mwishoni mwezi ishirini na mbili na tatu. Siku hizo maji hujaa mpaka saa nne au tano ya asubuhi. Mnapanda jua likiwa changa, mnakaa kijijini, mnasali Adhuhuri, mnarudi na maji ya kupwa mapema. Maji mafu hayana nguvu, kweli, lakini mto wenyewe huteremka daima na utawasaidia.

Kwa hiyo Idi zetu mbili hazifanani. Idi ya Mfunguo Mosi huja na mwezi mchanga, yaani bamvu tupu, na ndiyo siku ambayo kila mtu ataka kwenda. Idi ya Mfunguo Tatu huja mwezi kumi, na kesho yake maji hujaa karibu na adhuhuri. Siku hiyo yafaa. Walio na haraka ya Mfunguo Mosi heri wangoje juma moja. Na kwa kuwa juu mtoni maji huchelewa kuliko mdomoni, muulizeni nahodha wa Kipini, msitegemee jedwali la bandari ya Mombasa peke yake.

Mnapopanda, waelezeni watoto wanachokitazama. Zamani Mto Tana haukutokea hapa. Ulikuwa ukiingia baharini kusini zaidi. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuuunganisha na Ozi, ili mitumbwi ya mazao ishuke Kau na Kipini bila kukabili bahari. Mto nao ukaifuata njia ya mfereji. Kau, iliyokuwa bandari yenye jina, leo ni kijiji. Hali ya sasa nayo ni ya kutazamwa: wakulima wa Ozi hulalamika kwamba maji ya chumvi yanapanda na kuwaharibia mpunga na miembe. Huko juu mto umezuiwa kwa mabwawa, Kindaruma mwaka 1968, Masinga mwaka 1981, na mengine.

Sasa watu. Hapa ndipo ugomvi hutokea. Chombo ni cha watu kumi na wawili, waliofika ni kumi na wanane, na ami mmoja husema, "Tubanane, sote ni jamaa." Mwenye kualika akatae hapo hapo, hata kama ami ni mkubwa wake. Twakumbuka Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994: kivuko cha watu 300 kilibeba zaidi ya 400, wakafa watu 272. Kodini vyombo viwili, au gawaneni zamu. Maboya ya kuvaa yahesabiwe kabla ya kulipa, yakiwemo madogo ya watoto, kwani boya la mtu mzima humponyoka mtoto. Kina mama wavae boya juu ya buibui. Nguo ikilowa ni nzito, na boya lililo chini yake halifungiki vizuri.

Mto una mamba na viboko. Kiboko hutoka majini jioni kwenda malishoni na hurudi alfajiri, na hiyo ni sababu nyingine ya kutosafiri kizani. Mtu asitawadhe ukingoni. Maji ya udhu yachukuliwe katika dumu kutoka nyumbani. Mikono ya watoto isiachwe ikining'inia majini, hata nahodha akisema hapa hapana neno.

Chakula kisiwe cha sherehe. Mahamri, mbaazi kavu, sambusa, tende na chupa ya chai vyatosha. Biriani ya kuliwa chomboni ni adha kwa mpishi na kwa walaji.

Masika msiende kabisa. Mwezi Aprili 2024, Tana ilipofurika, mashua iliyokuwa ikivusha watu upande wa Garissa ilipinduka na watu wakafa maji. Januari hadi Machi ndiyo miezi mizuri. Hata hivyo ulizeni polisi kuhusu barabara ya Garsen na Witu kabla ya kuondoka, kwani imewahi kushambuliwa.

Na nahodha akitazama mto akasema leo hapana, msimwongeze fedha. Magofu ya Ungwana yako karibu na Kipini, na msikiti wake wa Ijumaa. Waonyesheni watoto mihirabu, kisha tandikeni jamvi kivulini mle mahamri yenu.