Mashahidi wa Vita na Vitabu Vyao

Msomaji akaaye Same, au juu milimani Mbaga, Suji, Chome na Usangi, ana bahati moja ambayo wasomaji wengi wa vitabu vya vita ulimwenguni hawanayo, nayo ni kwamba vita vikuu vya 1914 hata 1918, ambavyo kwa wengine ni habari za nchi za mbali, vilipita mbele ya milango ya babu zake. Reli ya Tanga, ambayo Wadachi, yaani Wajerumani, waliifikisha Moshi mwaka 1911, ndiyo iliyolisha jeshi lao upande wa kaskazini. Na Mei 1916, Jenerali Jan Smuts alipoteremka na majeshi ya Kiingereza kuwafukuza, aliyagawanya mafungu matatu yakaipita milima ya Upare pande zote: fungu moja lilifuata mto Pangani, la pili lilifuata reli, na la tatu, askari wa King's African Rifles ambao watu wetu waliwaita keya, lilipenya katika pengo la Ngulu. Kabla mwezi haujaandama, Same na Buiko zilikuwa zimekwisha toka mikononi mwa Wadachi.

Nalitaja jambo hili mwanzo kwa sababu vijana wengi siku hizi hupenda kusoma habari za askari na marubani, na mapenzi hayo si ya kulaumiwa, walakini hukiokota kitabu chochote chenye picha ya bunduki au ndege katika jalada lake, wakakisoma, wakaamini ya kuwa vita ni ushujaa na moshi basi. Mtu atakaye kuchagua vema na aanze na vita vilivyopita katika nchi aijuayo, maadamu hapo hawezi kudanganywa kwa urahisi: aijua nyika iliyoko chini ya milima, aijua miiba yake, aujua umbali wa Makanya na Hedaru kwa miguu yake mwenyewe, na mwandishi akikosea katika mambo hayo, msomaji atamtambua papo hapo.

Kitabu cha kwanza ninachomshauri mtu wa Upare kukitafuta ni Marching on Tanga cha Francis Brett Young, kilichotoka mwaka 1917. Mwandishi huyu alikuwa tabibu katika kikosi cha Rhodesia, akashuka pamoja na fungu la mto Pangani huku milima yetu ikiwa mkono wake wa kushoto, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuuguza wala si kupiga bunduki, macho yake yaliona mambo ambayo majemadari huyapita: homa, kuhara, kiu, vumbi, na wanyama wa jeshi waliokufa kwa ugonjwa wa mbung'o, ambao katika mwaka ule walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Jina la kitabu lataja Tanga, lakini jeshi lile kubwa liliiacha njia ya Tanga likaelekea Handeni, na Tanga ikaja kutwaliwa Julai na wengine. Tabibu mwenyewe homa zilimvunja siha akarudishwa kwao. Ni kitabu kizuri sana, chenye lugha ya mshairi. Upungufu wake ni kwamba Mwafrika aonekana humo kwa nadra, na aghalabu hana jina.

Upungufu huo ndio unaonileta kwenye shauri ninaloliona kuu kupita yote, nalo ni kutosoma kitabu cha vita kikiwa peke yake. Kila mwandishi wa vita ni shahidi, na kadhi mwadilifu hahukumu kwa shahidi mmoja. Chukua mathalani Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wadachi katika nchi hii, ambaye mwaka 1920 alitoa kumbukumbu zake za vita vya Afrika Mashariki. Aeleza kwa ufasaha jinsi alivyopigana miaka minne bila kushindwa, jinsi watu wake walivyojitengenezea viatu na nguo, jinsi dawa ya kwinini ilivyopatikana kwa magome ya miti kutoka Amani huko Usambara, na jinsi alivyoweka silaha chini Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo siku hizi ni Mbala ya Zambia, baada ya vita kwisha Ulaya. Msomaji akifunga kitabu hicho atamstaajabia mtu huyu, na kustaajabu huko si bure, kwa kuwa alikuwa hodari kweli kweli. Lakini asome baadaye maneno ya Ludwig Deppe, tabibu wa jeshi lile lile, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1919, naye akiri wazi ya kuwa nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala matupu, na njaa kwa wenyeji. Ni vita vile vile, jeshi lile lile, na njia zile zile. Mmoja aliandika alichokishinda, mwingine aliandika kilichobaki nyuma, na ukweli haumkamilikii msomaji mpaka awe amewasikiliza wote wawili.

Hapana budi pia kujihadhari na shahidi wa uongo. Richard Meinertzhagen, afisa wa upelelezi wa Kiingereza aliyekuwapo katika vita vya Tanga Novemba 1914, alichapisha mwaka 1960 shajara ya maisha yake ya jeshi, yenye visa vya kusisimua mno ambavyo waandishi wengi wa baada yake walivinakili bila kuuliza. Mtu huyu alikuwa pia mtaalamu wa ndege wa porini, na baada ya kufa kwake wataalamu wenziwe waligundua ya kuwa katika mkusanyo wake walikuwamo ndege walioibwa katika majumba ya makumbusho na kuandikiwa vibandiko vya uongo; ndipo watu wakaanza kuichunguza na shajara yake, na wengi leo hawaitegemei. Kwa hiyo kisa kikiwa kitamu kupita kiasi, na msimulizi akawa ndiye shujaa wa kila ukurasa, msomaji na atafute shahidi wa pili kabla ya kukisadiki.

Na wapagazi je? Waingereza waliwatumia watu wapatao milioni moja kuchukua mizigo katika vita vile, na wanahistoria wanakadiria ya kuwa waliokufa wanakaribia laki moja, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam ni kumbukumbu yao, kwani hapo ndipo ilipokuwa kambi ya kikosi cha wapagazi. Geoffrey Hodges aliwaandikia kitabu, The Carrier Corps, cha mwaka 1986, na Michelle Moyd mwaka 2014 akawaandikia askari Waafrika wa Wadachi, pamoja na wake zao na watoto wao waliofuatana na jeshi safarini. Mimi kwa rai yangu nakipima kila kitabu cha vita vya nchi hii kwa swali moja: je, mwandishi amuona aliyebeba mzigo? Asipomuona, kitabu chake chaweza kuwa na faida nyingine, lakini hakijasimulia vita kama vilivyokuwa.

Kwa mintarafu ya marubani, kazi ya kuchagua ni ngumu zaidi, kwa kuwa rubani yuko juu, na aliye juu huona mbali lakini haoni karibu. Vita vya angani vilifika katika nchi hii mapema. Novemba 1914 rubani wa kiraia kutoka Durban, H. D. Cutler, aliyekodiwa na Waingereza, aliruka juu ya delta ya Rufiji akaigundua manowari ya Kidachi Königsberg iliyokuwa imejificha humo, na Julai 1915 manowari za Kiingereza Severn na Mersey ziliipiga hata ikaangamia, zikiongozwa na ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia. Mwaka uliofuata kikosi cha 26 cha marubani wa Kiingereza kiliweka ndege zake Mbuyuni, upande wa pili wa mpaka, na mmoja wa waangalizi waliokuwa wakiketi pamoja na rubani kutazama nchi alikuwa Leo Walmsley, ambaye mwaka 1920 alitoa Flying and Sport in East Africa. Jina lenyewe latoa tahadhari, maadamu laweka vita na uwindaji katika mstari mmoja. Lakini kitabu chastahili kusomwa na kila atakaye kujua ilikuwaje kuruka juu ya nyika kwa chombo cha mbao na turubai, na jinsi msitu unavyoweza kulificha jeshi zima lisionekane na mtu aliye angani.

Rubani ambaye msomaji wa kawaida atampenda zaidi ni Roald Dahl, yule yule ambaye watoto wanamjua kwa hadithi zake. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1938 kufanya kazi ya kampuni ya Shell, vita vikuu vya pili vilipotokea akajiunga na jeshi la anga huko Nairobi, na katika kitabu chake Going Solo cha mwaka 1986 asema ya kuwa katika vijana 16 waliojifunza urubani pamoja, 13 waliuawa angani. Septemba 1940 ndege yake ilianguka katika jangwa la magharibi mwa Misri, akavunjika fuvu na kupofuka kwa muda. Sasa tazama: mwaka 1942 kisa hiki kilitoka katika gazeti moja la Marekani chini ya kichwa cha maneno kilichosema kwamba alitunguliwa, lakini miaka mingi baadaye Dahl mwenyewe aliandika bayana ya kuwa hapakuwa na adui aliyempiga, bali alielekezwa vibaya kiwanja kilipo, giza likaingia, mafuta yakawa yanakwisha, akalazimika kutua jangwani. Simulizi la kwanza lilifaa kwa mwaka wa vita, wakati watu walipotaka mashujaa. La pili ndilo la kweli, na kwangu mimi ndilo la kutisha zaidi, kwa sababu laonyesha jinsi kosa dogo la mtu mmoja mezani linavyoweza kumwangamiza mwingine angani. Kitabu cha rubani kinachoeleza ramani, mafuta, mafundi wa chini na hofu ya tumbo kabla ya kuruka kina thamani kuliko kinachohesabu ndege zilizoangushwa.

Vita vya pili viliwapeleka vijana wetu mbali zaidi, Uhabeshi, Madagaska na Burma, lakini vitabu vya keya wenyewe ni haba mno. Robert Kakembo wa Uganda aliandika kimoja mwaka 1946, na Waruhiu Itote wa Kenya, aliyepigana Burma kabla ya kuingia msituni na Mau Mau, alitoa Mau Mau General mwaka 1967. Kwa Kiswahili tunao Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, ambao ni kazi ya mshairi aliyevifuata vita akiwa nyumbani, na hivyo ndivyo upasavyo kusomwa. Asiyesoma Kiingereza asikate tamaa: riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Peponi, iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis, yaileta nchi hii hata kizingiti cha vita vya 1914 kwa uzuri usio na mfano, na kwa vita vya Kagera, vilivyoanza Oktoba 1978 na kuifikisha Kampala mikononi mwa jeshi letu tarehe 11 Aprili 1979, kuna Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai na utenzi wa Henry Muhanika. Vitabu vya kale vya Kiingereza nilivyovitaja, kama cha Brett Young, vyaweza kusomwa bure katika intaneti, na mwalimu mwenye bidii aweza kuwafasiria wanafunzi wake kurasa chache zinazohusu milima yao.

Lakini hapo kwenye Kagera pana pengo ambalo halizibwi na kitabu chochote cha dukani. Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliwaendea wazee wa milima hii akawasikiliza, akaiandika historia ya Wapare, akaandika na habari za mwaka 1945, maelfu walipokusanyika Same kuipinga kodi ya mbiru. Asingalifanya hivyo, mengi yangalizikwa na wazee wale. Askari na mgambo waliokwenda Kagera wakiwa vijana wa miaka ishirini sasa wanakaribia sabini, au wameipita. Wengine wako Hedaru, wengine Kihurio, wengine Ugweno, na yamkini wengi wao hawajaulizwa na mtu. Ewe msomaji, ikiwa mmoja wao ni baba yako, au babu yako, au jirani yako, mwamkie, umwombe akusimulie, uandike majina ya mahali na ya wenziwe na alichokula na alichokiogopa, tena usimkatize anapofika mahali pasipo na ushujaa. Fanya hivyo mwaka huu.