Mtani Hukuonyesha Ulivyo

Umepata kumwona mtani msibani? Huvaa kofia ya marehemu, hushika mkongojo wake, akatembea kama yeye: kifua mbele, shingo imekazwa, mkono mmoja mgongoni. Waliokuwa wakilia hucheka, wala hapana wa kumkasirikia.

Utani wa namna hii ulistawi katika njia ya misafara. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walishika njia ya kutoka Tabora hadi Bagamoyo, wakawa watani wa Wazigua na Wazaramo. Mtani haogopi cheo. Anajua kwamba ukubwa haukai kinywani tu. Hukaa mabegani, machoni na katika namna ya kuketi. Mwenyewe hauoni.

Basi jaribuni nyumbani. Jioni moja baba aketi mkekani, na mtoto akalie kiti chake, aigize baba arudivyo kazini. Huenda baba akatambua kwa nini nyumba hunyamaza kabla hajatamka neno. Ni heri aonyeshwe leo na mwanawe, kuliko kuigizwa na mtani siku ambayo hataweza tena kujirekebisha.